Pole Haikati Tiketi ya Boti



Sisi watu wa visiwani hatuna mpinzani katika kusema pole. Mtu akiugua, habari haijafika mtaa wa pili tayari mlango wake umejaa viatu. Tunaingia na pole, tunakaa na pole, tunaondoka na pole, na njiani tunaulizana kwa sauti ya chini kama atapona au hatapona. Leo tunasema wazi, na atakayeudhika atuwie radhi: kwa mwanamke aliyeanza dawa za kemotherapia, pole za namna hiyo hazimsaidii. Pole haikati tiketi ya boti. Pole haifui mashuka yaliyotapikiwa saa nane za usiku. Pole haimpeleki mtoto wake chuoni wala haimpikii uji.

Tukisema "sisi" tunakusudia wanawake watano: dada wawili wa mgonjwa, wifi yake mmoja, shoga yake wa tangu skuli, na fundi wa nguo zake, mwenye duka la ushoni, ambaye ndiye anayeandika kwa niaba ya wote. Hatukusomea udaktari. Aliyeshika kalamu hapa ana kidato cha nne na kozi ya ushoni, basi. Lakini kwa karibu miezi sita tulikuwa na mwenzetu katika mizunguko minane ya dawa za saratani ya titi. Hakuna mzunguko aliokwenda peke yake. Ametupa ruhusa ya kuyasema haya, mradi jina lake tuliache.

Tuanze na jambo ambalo sote tunalijua vizuri, nalo ni harusi.

Mwaka jana dukani tulipokea oda ya sare za harusi moja. Wanawake 60, kila mmoja alitoa shilingi 40,000 za kitambaa na ushoni. Piga hesabu: shilingi 2,400,000, na hizo ni za sare tu. Bado ukumbi, bado mpishi, bado mpambaji, bado mpiga picha. Harusi ile ilikuwa na mwenyekiti wa kamati, mweka hazina, kundi la simu, na mama mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuwaandama wasiotoa. Ukichelewa siku mbili unapigiwa. Ukizima simu unafuatwa nyumbani. Pesa ya sare zile ingelipa boti ya kwenda na kurudi, ya mgonjwa na msindikizaji wake, kwa mizunguko yote minane, na chenji ingebaki ya madafu.

Hatusemi harusi zisifanywe. Harusi ndizo zinazotulisha sisi mafundi, na tutakuwa wanafiki tukizipiga vita. Tunachosema ni hiki: jamii inayoweza kuwavalisha wanawake 60 rangi moja kwa saa nne haiwezi kudai kwamba haijui kujipanga. Inajua sana. Hata kwenye msiba inajua. Mtu akifa, kabla ya alasiri kuna maturubai, kuna masufuria, kuna wa kukuna nazi na wa kuosha vyombo, na hitima inapikwa watu wakashiba. Aliyekufa ana kamati. Bibi harusi ana kamati. Aliye hai, mwenye dawa kwenye mshipa, ndiye anayeachiwa binti yake wa miaka kumi na tano.

Hili ndilo tunalolipinga, na tutaeleza kwa nini.

Kemotherapia haimalizwi kwa sindano moja. Kwa saratani ya titi, utaratibu unaotumika sana ni kupewa dawa, kupumzika, kisha kurudi tena baada ya siku 21, mara kadhaa. Mwenzetu alifanyiwa upasuaji kwanza. Baadaye akapewa mizunguko minne ya dawa mbili pamoja, moja ikiwa ni ile nyekundu iitwayo doksorubisini, halafu mizunguko minne ya paklitakseli. Ile nyekundu huufanya hata mkojo uwe mwekundu kwa siku moja mbili. Asiyeambiwa mapema hudhani ni damu, akapiga kelele chooni peke yake.

Sasa weka bahari katikati. Wagonjwa wengi wa Unguja na Pemba huvuka kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, khasa inapofika zamu ya mionzi. Wa Unguja ana bahari moja. Wa Pemba ana bahari mbili, ya kuja Unguja na ya kwenda Dar. Kabla ya kila mzunguko hupimwa damu, na chembe nyeupe zikiwa chini dawa huahirishwa. Yaani mtu anaweza kuvuka bahari na mfuko wake wa nguo, akaambiwa arudi wiki ijayo. Nani anakaa naye hizo siku? Nani analipa boti ya pili? Nani anampigia mumewe amwambie watoto walale kwa bibi yao? Maswali haya hayajibiwi kwa pole.

Tulinunua daftari la kurasa 96 tukaandika siku 21 za kila mzunguko, moja hadi ya mwisho. Tulijifunza kwamba siku hizo hazifanani.

Siku nne tano za mwanzo ni za kichefuchefu. Hapo anataka mtu mmoja mtulivu, uji mwepesi, ndizi, maji kidogo kidogo, na jiko lililo mbali na chumba chake, kwa sababu harufu ya samaki wa kukaanga au kitunguu inatosha kumtapisha. Ladha ya mdomo hubadilika, akaona kijiko cha bati kama anakula msumari. Tukampa kijiko cha mti. Midomo ilipofanya vidonda, alisukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, na chakula tukakipoza kwanza.

Kuanzia karibu siku ya saba hadi ya kumi na nne ndizo siku za hatari. Chembe za damu zinazopigana na maradhi zinakuwa chini. Mgonjwa anaweza kuonekana mzima, anazungumza, anacheka, na ndipo wageni husema, "Alhamdulillahi, leo kaamka vizuri, twendeni tukamwone." Siku hizo ndizo za kumwona mchache.

Wiki ya tatu nguvu hurudi. Hapo ndipo pa kumtoa, kumkalisha upepo wa pwani magharibi, kumwachia apike mwenyewe akitaka, kumletea umbea mzuri usio wa maradhi. Sisi tulikuwa na Ijumaa ya wiki ya tatu. Hakuna aliyetaja neno hospitali siku hiyo.

Sasa tuzungumze na wageni.

Dada zetu, mnapokuja kumwona mgonjwa wa kemotherapia mkiwa mmejifukiza udi na kujipaka manukato ya dukani, mnamwachia kazi ya kutapika baada ya nyinyi kuondoka. Mnapomleta mtoto mwenye mafua kwa sababu "hakuna wa kumwachia", mnamletea kitanda cha hospitali. Mnapokaa saa mbili mkimsimulia shangazi aliyekufa kwa ugonjwa uleule, mnamnyima usingizi wa siku tatu. Dini yetu imesisitiza kumzuru mgonjwa, na adabu yake tunafundishwa tangu chuoni: ziara iwe fupi, maneno yawe ya kutia moyo, umwombee dua, uondoke. Hatukufundishwa kwenda kuhesabu nani kaja na nani hakuja.

Tulibandika karatasi mlangoni: "Mwenye mafua, kikohozi au homa asiingie. Salamu zako zitafika." Tulisemwa. Tuliambiwa tunamficha mgonjwa, tunajifanya wazungu, tunakata udugu. Karatasi ikabaki pale pale hadi mzunguko wa nane.

Na kuna hili la homa, tunalisema kwa herufi kubwa kama ingewezekana. Kwetu mtu akipata joto anameza Panadol, anajifunika kanga, anasubiri asubuhi. Kwa aliye kwenye kemotherapia, joto la 38 ni dharura. Anakwenda hospitali saa hiyo hiyo, iwe usiku, iwe mvua, kwa sababu maambukizi yanaweza kummaliza kwa muda mfupi mwili ukiwa hauna askari. Wala usimpe Panadol ishushe joto halafu mkadanganyika kuwa amepoa, mpaka daktari aseme. Kipimajoto ni kitu cha bei ndogo. Kilikaa chini ya mto wake, na namba ya dereva wa teksi aliyekubali kuamshwa usiku iliandikwa kwenye jalada la daftari. Aliamshwa mara moja. Mara ile moja ndiyo iliyolipa kazi yote ya daftari.

Wa pili tunaowasema ni wanaokuja na chupa.

Mgonjwa hajamaliza mzunguko wa pili, nywele ndiyo kwanza zinadondoka kwenye mto, akaja bwana mmoja kaletwa na jamaa, na chupa tatu za maji ya mizizi. Akamwambia mbele ya watoto wake kwamba dawa za hospitali zinaua kabla ya ugonjwa, aziache, anywe hizi siku arobaini. Tukamuuliza maswali matatu. Ndani ya chupa mna nini hasa? Nani amezipima? Na ini lake likiharibika, boti ya kwenda Dar utalipa wewe? La kwanza alijibu ni siri ya wazee. La pili hakulijibu. La tatu alichukua chupa zake.

Hatuidharau miti shamba. Baadhi ya dawa za hospitali zenyewe asili yake ni mimea, na hiyo paklitakseli tuliyoitaja ilipatikana kwanza kwenye gamba la mti. Lakini ilipimwa, ikajulikana kiasi gani kinatibu na kiasi gani kinadhuru. Chupa isiyo na jina inaweza kugombana na dawa iliyo mwilini, na daktari hatajua kwa nini damu ya mgonjwa imeharibika. Anayetaka kutumia chochote, hata kama ni cha jikoni, amwambie daktari wake kwanza.

Na msituletee dini kama ngao ya biashara zenu. Mtume wetu (S.A.W.) ametuamrisha tujitibu. Anayetaka kumsomea mgonjwa amsomee, tena tutamtandikia mswala. Dua na dripu havijawahi kugombana. Kuna hata waliomnong'oneza kwamba akiwa na imani kweli atafunga Ramadhani hivyo hivyo na dawa. Qur'ani yenyewe imemruhusu mgonjwa na msafiri wasifunge, na mwenzetu alikuwa vyote viwili kwa siku moja, mgonjwa ndani ya boti. Nani aliyekupa wewe ruhusa ya kumbana pale Mola wake alipomfungulia?

Tatu, aibu ya kutaja titi.

Sisi mafundi tunawapima wanawake vifua kila siku. Tunaandika namba ya kifua kwenye karatasi na hakuna anayeona haya. Ila likitokea tonge, neno linapotea mdomoni. Inakuwa "ule ugonjwa", "kale kadudu", "mambo ya kike". Mwanamke anakaa nalo mwaka mzima, anapaka mafuta, anabadilisha sidiria, mpaka ngozi ifunguke. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 duniani waligundulika na saratani ya titi, na watu 670,000 walikufa kwayo. Na wengi wanaoipata hawana mtu katika ukoo aliyewahi kuipata, kwa hiyo usiseme "kwetu haipo".

Shirika hilo hilo, katika mpango wake wa saratani ya titi ulioanza mwaka 2021, limeweka malengo matatu: wagonjwa wasiopungua 60 katika kila 100 wagundulike ugonjwa ukiwa bado hatua ya kwanza au ya pili, uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kwenye huduma ya afya, na wasiopungua 80 katika kila 100 wamalize matibabu yao. Litazameni hilo la tatu. Kumaliza. Daktari anaweza kuandika mizunguko minane kwenye faili, lakini mgonjwa anakosa mzunguko wa tano kwa sababu hana nauli, au mtoto anaumwa, au mumewe kasema yatosha, au amechoka na hakuna aliyemwambia twende. Hapo katikati ya faili la daktari na kiti cha boti ndipo ndugu na marafiki tunapohitajika. Pakikosa mtu, dawa nzuri inabaki kabatini na mgonjwa anabaki barazani.

Nne, binti wa mgonjwa.

Katika nyumba nyingi za kwetu mama akiugua, msichana mkubwa anaacha skuli kimya kimya. Hakuna anayemtoa kwa maneno. Anaanza kukosa Jumatatu, halafu wiki, halafu anafeli, halafu tunasema "hakuwa na kichwa cha kusoma". Yeye ndiye anayepika, anayeosha beseni la matapishi, anayeamka usiku. Mashangazi wapo, wajomba wapo, wanamsifu: mashallah, mtoto ana imani na mama yake. Sifa hizo ni za bei rahisi. Daftari letu lilikuwa na sharti moja ambalo hata mgonjwa mwenyewe hakuruhusiwa kulivunja: siku za skuli binti yake hana zamu. Anasaidia jioni kama anavyosaidia mtoto yeyote, analala usingizi wake, anakwenda darasani. Kama watu wazima watano hawawezi kubeba mzigo ambao mnamtwika mtoto mmoja, tatizo ni la watu wazima.

Tano, waume. Hapa tutakuwa waadilifu. Mume wa mwenzetu alichukua zamu ya usiku siku za mwanzo wa kila mzunguko, yeye na beseni, na alfajiri anakwenda kazini kwake macho mekundu. Hakutangaza kwa mtu. Tunamtaja kwa sababu wapo wengine wanaoambiwa na mama zao kwamba kazi hiyo haimfai mwanamume. Tunawajua pia wanaoona mke kakatwa titi, kachukuliwa nywele, wakaanza kutafuta mke mwingine kabla jeraha halijakauka, na jamaa wakawatafutia. Ndoa ya pili ina sheria zake, na ya kwanza kati ya hizo ni uadilifu. Kumkimbia mgonjwa hakuna jina zuri, hata ukikuvalisha kanzu na joho.

Tunajua majibu yenu, tumeyasikia yote.

La kwanza: "Hali ngumu, hatuna pesa." Haya. Jirani wa mwenzetu anauza mandazi. Hakutoa hata shilingi mia. Kila siku, kwa muda wote wa matibabu, alimchukua mtoto mdogo kutoka chuoni pamoja na wake, akamlisha, akamrudisha magharibi kashaoga. Kwenye daftari letu jina lake liko juu ya wote waliotoa fedha. Kufua hakuna mchango. Kupanga foleni kukata tiketi hakuna mchango. Kumpigia simu mgonjwa usiku wa siku ya tatu, ukamsikiliza analia bila kumkatiza, hakuna mchango.

La pili: "Hiyo ni kazi ya Serikali." Serikali ina yake na tuidai: madaktari, dawa zisikatike, mashine ziwe karibu na watu ili mgonjwa wa Micheweni asivuke bahari mbili. Tuidai kwa sauti. Lakini Serikali haitakuja kumshika mgonjwa mkono boti inapochafuka katikati ya mkondo. Hiyo ni yetu.

La tatu: "Mgonjwa mwenyewe hataki watu wajue." Hiyo ni haki yake, na sisi tuliiheshimu. Watu watano wanaojua kunyamaza wana faida kuliko hamsini wanaojua kusema pole. Muulize yeye nani aambiwe, na huyo tu ndiye aambiwe. Kundi letu la simu halikuwahi kutuma picha yake hata moja, wala sauti yake, wala karatasi ya vipimo. Aliyetaka "habari mpya" ili apeleke kundi jingine hakupata.

Na kila mtu ana kitu mkononi mwake. Sisi wa cherehani tulishona. Kichwa kisicho na nywele huwa na ngozi laini inayochubuka, kwa hiyo kofia za ndani ya mtandio tulizishona kwa pamba nyepesi na mishono tukaigeuza nje isimkwaruze. Watu walisema, "Nywele kitu gani, si anavaa ushungi?" Ushungi unavaliwa barabarani. Chumbani kuna kioo. Madira yake tuliyatia vifungo mbele, ya kuvua na kuvaa bila kuinua mkono. Mkono wa upande aliofanyiwa upasuaji na kutolewa tezi za kwapani tulimkatia mkono mpana usiobana, maana mkono huo unaweza kuvimba, na tukamkumbusha kila mara sindano na kipimo cha presha viende mkono wa pili. Kwa kifua, mwanzoni tulishona mto mwepesi wa pamba. Jeraha lilipopona kabisa tukatengeneza mwingine wenye kifuko kidogo cha ulezi ndani, uzito ulingane na upande wa pili, bega lisipande. Alipouvaa mara ya kwanza alijitazama kwenye kioo cha dukani akatuambia tupunguze kidogo, hajawahi kuwa tajiri namna ile. Tulicheka mpaka wateja wakaja mlangoni.

Mwenzetu sasa anaendelea na kliniki na vidonge vyake vya kila siku. Paklitakseli ilimwachia ganzi kidogo kwenye ncha za vidole, sindano ndogo haishiki vizuri. Hatutaki kuwaambia kwamba mapenzi ya ndugu yanatibu saratani. Yapo majirani waliopendwa sana na wamekwenda mbele ya haki, Allah awarehemu. Tunasema tu kwamba dawa ilipaswa kuingia mara nane na iliingia mara nane, na hilo lilikuwa ndani ya uwezo wa wanawake watano, baba mmoja na muuza mandazi.

Kwa hiyo ukisikia mwanamke wa mtaani kwenu ameanza kemotherapia, usimpigie ukamuuliza, "Unahitaji nini?" Amechoka, hawezi kukupangia kazi, na uungwana utamfanya aseme hana shida. Tafuta wengine wanne. Nunueni daftari. Andikeni siku 21, kila siku na jina. Wekeni kipimajoto na namba ya dereva. Halafu mpigie, useme kwa ufupi: "Bibie, Jumanne mimi nafua. Alkhamisi fulani anakuja kupika. Tarehe kumi na mbili tunakwenda wote, tiketi ninayo." Mwisho wa simu unaweza kumwambia pole, maana sasa ina kitu ndani yake.

Allah awape shifaa wagonjwa wetu wote, awape subira wanaowauguza, na atupe sisi tuliobaki miguu ya kwenda, si midomo tu. Amin.